Mkunja Simu

Mama mdogo analipwa kukunja na kukunjua simu zenye kioo cha kukunjika mpaka zipasuke. Hata nyumbani mikono haitulii: atakunja kandambili, ataikunjua, ataisogeza dirishani aone kama imeacha mstari. Simu ya mwisho kuletwa kazini ilikataa kabisa kupasuka, na isipopasuka, basi hana kazi tena, maana simu isiyopasuka haihitaji wa kuijaribu. Nilipompelekea chakula kazini nilimkuta anaibembeleza, "Pasuka basi, mwanangu, usinikoseshe kazi." Mhandisi aliyeiunda alikuwa ameinama upande wa pili wa meza, naye anainong'oneza, "Vumilia, mwanangu, usiniaibishe." Ikalia kap! Mama mdogo akapiga vigelegele, mhandisi akaangua kilio. Mama mdogo akamwendea kumpa pole. Akaikunja kola ya shati lake, akaikunjua, kisha akamgeuza taratibu kuelekea dirishani.