Mshubiri Ukichanua Haukatwi

Mama mkwe alikuja na mshubiri siku ya arobaini ya mwanangu. Wanawake wengine walileta mchele, kanga na sabuni. Yeye alishuka kwenye lori la samaki kutoka Kunduchi na kikapu chake, na ndani ya kikapu, juu ya papa mkavu aliyetuletea, mlikuwa na mche wenye majani mafupi manene, yenye miiba pembeni. Akaokota debe bovu la mafuta ya taa uani kwetu, akalitoboa kitako kwa msumari, akalijaza mchanga wa Temeke ambao hata muhogo unaulalamikia, akaupanda mche wake. Halafu akanawa mikono, akambeba mjukuu na kumnong'oneza sikioni kwa sauti ambayo sote tuliisikia:

"Huu ndio utakaokuachisha ziwa, bwana mdogo. Mama wa mche huu ndiye aliyemwachisha baba yako."

Mshubiri ni dawa ya zamani ya kuachisha watoto ziwa. Jani likikatwa hutoa utomvu wa njano, mchungu kuliko kitu chochote mtoto alichowahi kuonja. Mama anaupaka kwenye chuchu, mtoto anaonja mara moja au mbili, basi, hataki tena. Mimi mwenyewe niliachishwa hivyo kwetu Gongo la Mboto, na sikuwa na ugomvi na dawa. Ugomvi wangu ulikuwa na kitu kilichofuata baada ya dawa. Kwa watu wa mume wangu mtoto wa kwanza ni wa bibi. Akishaacha ziwa anachukuliwa, anakwenda kulelewa na mama wa baba yake mpaka apate akili. Niliambiwa hivyo kabla sijaolewa, nikaitikia bila kufikiri, maana msichana asiye na mtoto hutoa mtoto kwa urahisi sana.

Sasa nilikuwa naye mapajani, na mshubiri wake ulikuwa uani, na niliambiwa niutunze.

Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na siafu miguuni. Ni kweli, sijui kutulia. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kwenda, na jambo likinikera silali mpaka nilifanyie kitu hata kama kitu chenyewe ni cha kijinga. Kwa hiyo niliamua mshubiri ule ufe. Sikuwa na shauri la siku za mbele. Nilijua tu kwamba mama mkwe alikuwa mtu wa kanuni, na kama mshubiri wake haupo, ataanza upya, na kuanza upya kunachukua muda, na muda ndio niliokuwa nautaka.

Kwanza niliunyima maji kiangazi kizima. Majani yakasinyaa kidogo, yakaiva wekundu kingoni, yakabaki yamenikodolea macho. Jirani yangu alikuwa mke wa karani wa posta, Mnyamwezi, na mimi Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu tangu siku ya kwanza aliyoshusha mizigo yake mtaani. Aliniona nikiuchungulia, akauliza kulikoni, nikamwambia. Sikuwa na siri kwake.

"Wewe nawe! Mshubiri hauuawi kwa kiu," alisema. "Utie maji. Maji ndiyo yanaoozesha mizizi."

Nikautia maji. Bomba la mtaa lilikuwa mbali, foleni yake ilikuwa ya kugombana, lakini kila niliporudi na ndoo kichwani kata ya kwanza ilikuwa ya mshubiri, kabla ya chungu na kabla ya nepi. Nilikuwa nimesahau mambo mawili. Mama mkwe alilitoboa lile debe sawasawa, na mchanga wa Temeke haukai na maji hata kidogo. Yaliingia juu yakatokea chini. Mshubiri ukanenepa. Majani yakawa mapana kama kiganja cha mwanamume, na pembeni yakaanza kuchomoza machipukizi madogo ambayo watu huyaita watoto.

Mtani wangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Wazaramo nyie! Hata kuua jani hamuwezi!"

"Na nyie mlikuja pwani mmebeba mizigo ya watu, leo mnatufundisha kilimo!" nilimjibu, lakini nilikuwa karibu kulia.

Mume wangu, karani wa bandarini, hakuelewa nilichokuwa nakihangaikia. "Mie nimekulia kwa bibi," alisema. "Nimepungua nini?" Kusema kweli hakupungua kitu. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu, alijua kuparua samaki na kusoma Kurani. Hata mama yake sikuweza kumchukia vizuri. Alikuwa mjane, binti yake wa mwisho alikuwa ameolewa Bagamoyo, na nyumba yake ya Kunduchi ilikuwa na vyumba vitatu na sauti moja. Kila alipokuja kututembelea alikwenda kwanza uani kuutazama mshubiri, kisha alinivuta kando na kuniuliza kwa sauti ya chini kama sijashika mimba nyingine, maana aliogopa nisije nikambemenda mtoto, yaani nikapata mimba huku yeye bado ananyonya, akadhoofu. Alimwogopea kwa dhati. Ningefurahi kama angekuwa mbaya kidogo.

Kipupwe kikaingia, mtoto akikaribia miaka miwili. Alikuwa anakimbia, anatukana kuku, na ikifika saa yake anakuja kunivuta kanga bila kuomba ruhusa. Mama mkwe akatuma salamu kwamba anakuja Ijumaa, na kwamba nifue nguo za mtoto.

Alikuja na kisu kidogo, amekifungia kwenye pindo la kanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akapita moja kwa moja kwenda uani. Mimi nilisimama mlangoni, mtoto kiunoni, miguu inanicheza. Akainama juu ya debe, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akanyooka, akakirudisha kisu pindoni.

"Una ua," alisema.

Nilikwenda kutazama. Katikati ya majani kilikuwa kimechomoza kikonyo, na ncha yake imebanana vitumba vya kijani. Nilikuwa nimekiona juzi yake nikadhani ni jani jipya.

"Mshubiri ukichanua haukatwi," alisema mama mkwe. "Uchungu wote umepanda kwenye ua. Jani hapa ni maji matupu. Tungoje maua yapukutike."

Mume wangu, ambaye siku hiyo Mungu alimpa ulimi mrefu, alisema shubiri kavu inauzwa Kariakoo, duka la dawa la Mhindi. Mama yake alimtazama mpaka akashusha macho.

"Shubiri ya dukani imekatwa na mkono wa nani? Unaijua nia yake? Mwanangu sikumwachisha kwa nia ya mtu nisiyemjua, na mjukuu wangu vilevile."

Niliingia jikoni, nikajiziba mdomo kwa kanga, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Kuanzia siku ile hapakuwa na mshubiri uliotunzwa kama wangu Temeke nzima. Debe nililihamishia upande wa jua. Kikonyo nilikifunga kwenye kijiti ili upepo wa kusi usikivunje. Nilifukuza kuku, nilifukuza mbuzi wa watu, nilifukuza watoto wa mtaa waliokuja kushangaa, kwa sababu maua yalipofunguka yalikuwa mazuri kweli: vitarumbeta vidogo vya rangi ya chungwa vimeinamia chini, na ndege chozi wakawa wanakuja asubuhi kunyonya. Sikuwahi kujua kwamba kitu kichungu hivyo kina asali ndani yake.

Lakini maua ya mshubiri huanza kufunguka chini, yakapanda, na ya chini hunyauka wakati ya juu bado yamefumba. Kwa hiyo furaha yangu ilikuwa na ngazi, na nilikuwa naiona inavyokwisha. Nilitoka kuyatazama maua kabla ya kunawa uso. Niliacha maharage yakaungua nikaenda kutazama tena. Nilizungumza na watu huku shingo imegeukia uani. Mume wangu aliniambia, "Tulia, mama, hilo ni ua tu," na nikamjibu maneno ambayo mke hamjibu mume.

"Shida ni hao watoto wake," mtani wangu aliniambia siku moja, amechuchumaa mbele ya debe. "Wanamnyonya mama yao. Wang'oe hao, abaki peke yake, ana nguvu huyu. Atakupa ua la pili."

Ua la pili! Sikungoja hata aondoke. Nilichukua kisu cha jikoni, nikachimbua mchanga, nikawakata mmoja mmoja kutoka kwenye shina la mama yao na kuwatupa kando. Debe lilikuwa limebana, kisu kikagusa majani makubwa mawili matatu, utomvu ukanichuruzikia vidoleni. Ndani mtoto akaamka analia. Nilijifuta mikono haraka kwenye kanga niliyojifunga kifuani, nikaitumbukiza mikono kwenye ndoo mara moja, nikakimbia kumchukua.

Alinyonya kidogo tu. Akaachia. Uso wote ukajikunja, akatema, akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, wengine kwa hasira, wengine kwa dharau, lakini sijatazamwa tena namna ile. Kisha akapiga ukelele.

"Chungu!" alisema. "Mama, chungu!"

Niliinusa kanga, nikailamba, nikaelewa. Nilijiosha kwa sabuni, nikajisugua mpaka ngozi ikawaka, nikajipaka asali. Akakataa. Kesho yake nilimwita kwa nyimbo, akaja, akaligusa ziwa kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa, akaenda zake kucheza. Kesho kutwa hakuja kabisa. Alitaka uji. Maziwa yalinijaa yakawa mawe, homa ikanipanda, nikawa nayakamulia mchangani nyuma ya choo huku nimeuma pindo la kanga. Mtani wangu alikuja kunikanda kwa maji ya moto, na siku zile hakutania hata neno moja.

Mama mkwe alikuja bila kutuma salamu. Kikonyo kilikuwa bado na maua machache kileleni. Aliyaona, akaguna, akaketi mkekani na kufungua kikapu. Mtoto akajipakata mwenyewe mapajani pake, akatoa kitumbua, akala chote, akatoa kingine. Mama mkwe akamtazama, akanitazama mimi.

"Hanyonyi?"

Nilikuwa natafuta uongo. Mtoto akajibu kabla sijaupata. "Chungu," alisema, mdomo umejaa.

Nikaona machozi yanamshuka bibi yake, naye si mtu wa machozi.

"Umemwachisha mwenyewe, mwanangu? Hata hukungoja ua liishe?" Akanishika mkono. "Mie nilikuwa naogopa. Nimekuona unavyohangaika, nikajua hutaki kumtoa. Leo nilikuja kukwambia basi, kaa naye, sitaki kugombana nawe kwa ajili ya mtoto. Nilishapanga maneno njiani. Kumbe una moyo mkubwa kuliko mie!"

Niliyafikiria yote: nimwambie kwamba ni ajali, kwamba nilikuwa naubembeleza ule mshubiri uchanue mpaka kiyama, kwamba nilichokuwa nakitaka ni hicho alichokuja kuniambia, nikae na mwanangu. Lakini alikuwa anatabasamu na kulia kwa pamoja, mtoto amemlalia kifuani, na majirani wawili walikuwa wameshafika mlangoni kusikia habari. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulijua kwamba mimi ni mkwe wa kupigiwa mfano. Jioni hiyohiyo bibi na mjukuu wakaondoka. Nguo za mtoto zilikuwa zimefuliwa.

Nilikwenda Kunduchi baada ya Idi, miezi kadhaa imepita. Mume wangu alitaka niende mapema zaidi, mama yake pia, mimi ndiye niliyekuwa naahirisha. Nilijua nikienda nitamrudisha mgongoni kwa mbio, na watu wangenicheka.

Nilimkuta mwanangu uani, ameongezeka urefu, ana kikoi kidogo kiunoni. Nilipiga hodi. Alinitazama, akaingia jikoni mbio, akatoka anakokota mbuzi ya kukunia nazi, ambayo ndiyo kiti pekee alichokiweza. Akaiweka mbele yangu, akaipangusa kwa kiganja.

"Kaa, mgeni," alisema.

"We!" bibi yake alimkemea kutoka ndani. "Mgeni nani? Huyo ni mama yako! Hebu mwamkie!"

Alinitazama tena, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Akainua mkono, akaugusa wangu.

"Shikamoo," alisema, vizuri kabisa.

Nikasema marahaba, nikakaa.