Midomo ya Zambarau kwa Wakwe wa Izigo

Saa sita na dakika tano mchana, nyuma ya mgomba katika shamba la watu nisiowafahamu, nilipanua mdomo wote nikaanza kujipaka dawa ulimini kwa unyoya wa kuku. Kwa miaka mingi nimekuwa nikigeuza mazungumzo kila mtu anapoitaja Izigo. Lakini naona waliokuwapo siku ile wanazidi kuipotosha habari (yuko mmoja anayeapa kwamba nilitapika wino), kwa hiyo ni afadhali niisimulie mwenyewe, aibu ibaki na uzito wake halisi, ambao hata hivyo unatosha.

Enzi hizo, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, mimi nilikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika, na jioni nikifundisha kisomo cha watu wazima hapa kwetu Kitendaguro. Shule yenyewe niliishia darasa la sita, mengine yote niliyachimba mwenyewe vitabuni kwa msaada wa kamusi, na ndiyo maana watu waliniita Mwalimu, jina ambalo (nakiri) lilinipendeza kuliko mshahara.

Sasa, miezi michache kabla ya mkasa nilishikwa na kikohozi, nikapewa na rafiki yangu chupa ya tetrasaiklini, vile vidonge vya rangi mbili, nikavimeza. Kikohozi kikaisha, lakini vidonge vilikuwa havijaisha, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuacha jambo nusu niliendelea kumeza mpaka chupa ikawa tupu. Muda si mrefu ulimi ukaota utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, tumbo likawa linajaa gesi, na mchana nikawa nasinzia mbele ya mizani.

Mtu mwingine angekwenda zahanati. Mimi nilikwenda kwenye sanduku la vitabu.

Humo mlikuwa na kitabu kikubwa cha uganga cha Kiingereza, jalada limeng'oka, nikakuta sura ya fangasi. Fangasi huyu anaitwa kandida, ni wa jamii moja na hamira ile ya kuumulia mkate, naye hufanya utando mweupe mdomoni. Hapo ningefunga kitabu ningekuwa mtu mzima na heshima zangu. Nikafunua ukurasa wa pili, nikasoma kwamba huweza kuingia katika damu na kuenea mwili mzima mpaka kwenye figo na moyo. Basi gesi ya tumbo ikawa kandida, usingizi ukawa kandida, na sikio lililokuwa likiniwasha tangu ujana nalo likawa kandida. Nilijiona chungu cha unga ulioumuka unaotembea.

Nikapiga marufuku mkate, asali, ndizi mbivu na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu vyote, kwa hesabu yangu, vilikuwa chakula cha adui au adui mwenyewe.

"Basi acha na uji," mke wangu Pelagia akaniambia, "acha na maji, na mimi uniache. Una utando mdomoni, Baba Johani, hata watoto wanapata. Nenda zahanati!"

Nikamjibu kwamba zahanati ni ya watu ambao hawajasoma. (Sentensi hii amenirudishia mara nyingi tangu siku hiyo, hasa mbele ya wageni.) Kisha nikaenda mjini Bukoba nikanunua kwa shilingi mbili chupa ndogo ya ile dawa ya maji ya rangi ya zambarau ambayo kitabu kiliisifu. Ilitakiwa kupakwa asubuhi, mchana na jioni. Nikajiwekea mchana ni saa sita, na saa sita ni saa sita.

Wakati huohuo Deo, mtoto wa marehemu kaka yangu, seremala kule Ijuganyondo, alikuwa amempata mchumba katika kijiji cha Izigo, jina lake Anastazia, na mimi kama baba yake mdogo ndiye niliyekuwa mshenga. Deo alikuwa amemsubiri binti huyo muda mrefu na baba yake, Tata Leonsi, alikuwa mgumu. Wachumba wawili walikuwa wamekwisha kurudishwa, mmoja kwa kuwa mshenga wake alipiga chafya vibaya, ndivyo tulivyoambiwa. Asubuhi ya Jumamosi hiyo Deo alinishika mkono nje ya basi akasema, "Baba mdogo, leo usifundishe mtu kitu. Ongea ya posa tu, tafadhali."

Nikamwahidi. Chupa ilikuwa mfukoni mwa koti.

Tukashuka barabarani, tukapanda kilima, mimi na kuku kwapani, Deo na jamaa wawili wamebeba rubisi, na tulipokaribia mji wa wakwe nikatazama saa yangu nikaona muda wa dawa umepita. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniletea yote haya. Ningeweza kusubiri jioni. Nikawaambia watangulie, nataka kuchimba dawa (na kwa namna fulani haukuwa uongo), nikaingia nyuma ya mgomba, nikachomoa unyoya kwa yule kuku, na kwa kuwa sikuwa na kioo nikapaka kwa ukarimu: ulimi, ufizi, mashavu kwa ndani, na midomo pia, isije ikabaki pembe ya kujificha fangasi. Kisha nikakaza kizibo harakaharaka, nikarudisha chupa mfukoni, nikafunga mdomo, nikaenda kuposa.

"Nyegera, waitu, nyegera!" wakatukaribisha kwa Kihaya, yaani karibuni, jamaa zetu. Ndani mlikuwa na giza, kama nyumba zetu za zamani zilivyokuwa, nyasi safi zimetandikwa sakafuni, wazee wamekaa kwa mpangilio. Katikati Tata Leonsi, mrefu, mkavu, ambaye Jumapili ndiye aliyekuwa akisoma masomo kanisani kwao. Pembeni yake msemaji wao, Mzee Faustini, mwenye ulimi ambao kama ungekuwa panga ungefyeka shamba zima asubuhi moja.

Niliwasalimia kwa midomo iliyobanwa, leso mdomoni.

"Mshenga wenu ni bubu?" akauliza Mzee Faustini.

"Jino, waitu," akasema Deo kwa haraka.

"Ahaa. Wametuletea mshenga mwenye jino. Ile posa ya kwanza ilikuwa na mshenga mwenye chafya."

Wakacheka. Nikasema ya kusema kwa ufupi ambao haujapata kuonekana katika posa yoyote ya Kihaya, na nadhani ufupi ule uliwapendeza, kwa sababu Tata Leonsi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaagiza kibuyu cha rubisi tuliyoleta kiwekwe mbele. Hapo ndipo niliponaswa. Kwetu anayeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, kuwaonyesha wenyeji kwamba haina kitu. Mshenga akikataa, amesema kwa vitendo kwamba anajua kilichomo. Na mimi niliyeapa kutogusa chachu ya aina yoyote, niliyejaa kandida mpaka kwenye figo, ndiye niliyetakiwa kuvuta mrija.

Nikajaribu ujanja. Nikaweka mrija mdomoni, nikafumba macho kama mtu anayeona utamu, nisivute hata tone.

"Mwalimu!" akasema Mzee Faustini. "Unabusu mrija au unakunywa? Vuta tuone koo likipanda na kushuka!"

Nikamtazama Deo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezama. Nikavuta, na baada ya majuma yale ya ukame ilikuwa tamu mno, basi nikavuta tena, na tena, nikiung'ang'ania mrija kwa midomo yangu mibichi ya dawa, mpaka Mzee Faustini akasema inatosha, tumeamini. Kibuyu kikapita kwa Tata Leonsi, kikapita kwa Mzee Faustini, kikawazunguka wazee wote na kunirudia (nami kila kiliponirudia nilikuwa naupaka mrija dawa upya bila kujua), na mazungumzo yakalainika, vicheko vikaongezeka, mbuzi mmoja akapunguzwa katika mahari. Nikaanza kufikiri kwamba mimi ni mshenga mzuri.

Tata Leonsi akasimama. "Tutoke nje, binti awasalimie wageni."

Tukatoka kwenye jua kali la alasiri.

Wa kwanza kuona alikuwa Tata Leonsi mwenyewe. "Faustini! Mdomo wako!"

"Wangu una nini?"

"Umeiva! Umekuwa kama wa maiti!"

"Wangu? Na wako je? Leonsi, wewe umeoza mpaka kidevuni!"

Wakatazamana wote, midomo ya zambarau mstari mzima, na kelele zikapanda. Mmoja akaanza kutema mate, yakatoka ya zambarau, akapiga magoti akaanza kutubu dhambi zake kwa sauti (tukasikia mambo ya mpaka wa shamba ambayo jirani yake aliyasikiliza kwa makini sana). Mwingine akakimbia kumwita balozi wa nyumba kumi. "Tumelishwa! Tumelishwa na watu wa Bukoba!"

"Binti yangu haolewi na watu wanaoua kwa kibuyu!" akapaza sauti Tata Leonsi. Anastazia, aliyekuwa ametoka tu na kitenge kipya, akasimama mlangoni mikono kichwani. Deo alinigeukia. Alinitazama tu, na mtazamo ule ndio ulionifanya nisahau ahadi yangu.

"Ndugu zangu, tulieni!" nikasema, nikaondoa leso na kupanua mdomo kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hii ni fangasi iitwayo kandida, imeenea mwili wangu mzima..."

Sikumaliza. Ulimi wangu ulionekana, na watu wakarudi nyuma hatua kadhaa pamoja na mbuzi.

"Amekiri!" akapiga kelele Mzee Faustini. "Mpekueni!"

Wakanipekua. Kumbe kizibo hakikukazika vizuri. Koti lilikuwa limelowa, na pembeni mwa kanzu yangu nyeupe kulikuwa na doa la zambarau kubwa kama sahani. Mzee Faustini akaitoa ile chupa kwa vidole viwili, akaiinua juu jua liimulike, na mji mzima ukasogea kuitazama.

Mara kikasikika kicheko. Kilitoka mlango wa jikoni, kwa mama yake Tata Leonsi, Bibi Melania, aliyekuwa amekuja kuona kelele za nini. Aliitazama chupa, akanishika kidevu, akachungulia mdomoni kama anayekagua ng'ombe, kisha akacheka mpaka akakaa chini, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakaona alichoona wakaanza nao, mmoja akaegemea mgomba kwa kukosa nguvu.

"Mama, tunakufa, unacheka?" akauliza Tata Leonsi.

"Hufi! Hii ni dawa ya kinywa cha watoto wachanga! Nyinyi wanaume mngekwenda kliniki hata siku moja mngeijua. Wewe mwenyewe Leonsi, wanao wote wamepakwa!" Akanigeukia. "Tata Mwalimu, sema kweli. Bado unanyonya?"

Nikarudisha leso mdomoni.

Tukasuguana kwa sabuni, kwa limao, kwa majivu. Haikutoka hata chembe. Tata Leonsi akakumbuka kwamba kesho yake ni Jumapili na yeye ndiye wa kusoma, hasira zikampanda upya, akasema posa imevunjika, na tutoke kabla giza halijaingia. Deo akaanza kuokota vitu vyake.

"Mwanangu," akasema Bibi Melania, sasa bila kucheka, "wafukuze. Lakini kesho utasimama mbele ya parokia nzima na mdomo huo, na watakuuliza. Utawaambia nini? Kwamba ulilishwa sumu ukapona, au kwamba ulipakwa dawa ya mtoto na mgeni aliyekukimbia? Mimi ningewaambia nimepata mkwe, tukasherehekea, sasa sote mdomo mmoja."

Tata Leonsi akajipangusa mdomo tena. Akamtazama Mzee Faustini, na nadhani ni ile midomo iliyomshinda, kwa sababu kona ya mdomo wake ikaanza kutetemeka, na mara wazee wote wakaangua kicheko, meno ya zambarau matupu, hata yule wa mpaka wa shamba. Posa ikapita. Mzee Faustini akanitoza faini ya shilingi ishirini kwa kuharibu kibuyu na mrija, akaongeza, "Na siku ya harusi uje umefungwa mdomo, Mwalimu." Naambiwa somo la Jumapili lilisomwa vizuri ila hakuna aliyelisikia.

Jumatatu nilikwenda zahanati. Mganga alinieleza kwamba kandida hukaa kimya midomoni na matumboni mwa watu wengi wazima, ikizuiwa na vijidudu vingine visivyo na madhara. Mimi kwa vidonge vyangu nilikuwa nimewaua walinzi, ikapata nafasi. Kuingia katika damu ni jambo la wagonjwa mahututi waliolala hospitali. "Si la mtu anayepanda kilima cha Izigo na kuku kwapani," akasema. Na chachu ya rubisi siyo yenyewe. Dawa ilikuwa nzuri, kwa kweli, utando ulikwisha. Gesi ilitokana na maharage.

Tangu siku hiyo nimeapa: ugonjwa nikiuona kitabuni naufungia humohumo, naenda kuuliza kwa mtu.

Mwaka uliofuata Deo na Anastazia walipata mtoto wa kiume, akaota utando mweupe ulimini, na Bibi Melania akaleta habari kwa kondakta wa basi: Mwalimu alete chupa yake. Ilikuwa imebaki nusu. Nikaipeleka mwenyewe, mfukoni, kizibo kimefungwa kwa kitambaa na uzi. Basi ukijumlisha faini shilingi ishirini, kanzu shilingi thelathini na dawa shilingi mbili, halafu ukatoa nusu chupa iliyomfaa mtoto, hasara yangu yote kwa Izigo ni shilingi hamsini na moja.