Suruali ya Mwalimu Mkuu na Pikipiki Inayozimika Njiani

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mama Pindo, kwa sababu hata akikusalimia macho yake yalikuwa yameshashuka miguuni kwako, yanakagua pindo la suruali au la gauni. Likiwa limefumuka, hupiti. Utaambiwa, "Hebu simama hapo hapo," na kabla hujajibu amekwisha kuinama na sindano.

Alikuwa fundi cherehani wa siku nyingi, mnene, mcheshi, kicheko chake kinasikika ng'ambo ya barabara. Kilichomshinda ni kutembea. Wateja walikuwa wametapakaa mji mzima, na magoti yalishaanza kunung'unika. Ndipo akanunua pikipiki ndogo nyekundu kwa muuguzi mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuwa ya kujifunzia hasa: nyepesi, fupi, ukiikalia miguu yote miwili inakanyaga chini.

Mume wake, fundi wa kupaka rangi, alimfundisha kwenye uwanja wa mpira. Kila alipoachia klachi, pikipiki iliruka mbele kama imechomwa sindano, kisha kimya.

"Klachi usiiachie kama umeshika kaa la moto," mume alisema. "Pole pole, huku unaongeza mafuta kidogo."

"Si ndivyo nilivyofanya?"

"Wewe umeitupa, mke wangu."

Kesho yake haikuwaka kabisa. Alipiga kiki mpaka kiatu kikamvuka. Mume akasogea, akarudisha kidole gumba cha mkewe pembeni, akabonyeza swichi nyekundu ya kuzimia injini. Mama Pindo alikuwa ameigusa bila kujua. Ikawaka mara moja. Mume alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi, naye akanuniwa mpaka jioni.

Lakini mwanamke huyu hakuwa wa kukata tamaa. Alijifunza mpaka akapata leseni, na kwa furaha akaamua kuivisha pikipiki yake. Alichukua ngozi ya plastiki iliyobaki kwenye makochi ya mteja, akaitilia sponji ndani, akashona vazi la tangi la mafuta lililokaa kama suti ya bwana harusi. Juu kabisa aliweka zipu, iwe inafunguliwa pale tu anapojaza petroli, ili vumbi lisiguse mfuniko.

"Makubwa!" alisema wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa msusi kwenye chumba cha jirani. "Pikipiki inavaa kunishinda mimi."

"Nawe kaa utulie nikupime. Hukai, unasema tu."

Matatizo yalianza wiki hiyo hiyo. Pikipiki ilikuwa ikiwaka vizuri asubuhi na kuondoka kwa madaha, halafu mbele ya safari inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inazimika. Petroli imo. Swichi iko sawa. Klachi hajaitupa. Akipiga kiki haisikii la mwadhini wala la mnadi swala. Akisukuma kidogo, akapumzika kivulini, akarudi, inawaka kama haijawahi kukosea maishani, kisha inazimika tena baada ya mitaa kadhaa.

Akaipeleka kwa fundi pikipiki, kijana mpole mwenye kucha nyeusi kwa grisi. Fundi alivua lile vazi, akalikunja kwa heshima, akaliweka kitini. Akabadilisha plagi. Akapanda, akazunguka mji, akarudi akipiga honi.

"Mama, imepona."

Akaivisha vazi lake, akavuta zipu. Mama Pindo hakufika hata sokoni.

Mara nyingine fundi akaosha kabureta. Mara nyingine akakaza nyaya zote na kubadilisha kichungi cha hewa. Kila mara anaizungusha mji mzima na haimsumbui. Mwishowe akakuna kichwa.

"Mama, usinielewe vibaya. Lakini mbona kwangu haizimiki?"

"Unataka kusema mimi ndiye mbovu?"

"Sijasema hivyo."

"Macho yako yamesema."

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba hata yeye alishaanza kujishuku. Usiku alimwuliza mume kama pikipiki inaweza kumchukia mtu. Mume akajibu inategemea mtu, akageukia ukutani haraka.

Basi, ikafika Jumamosi ya mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alikuwa amenenepa tangu mwaka jana, na suruali zake zote za heshima ziligoma kufunga. Moja tu ndiyo ilikuwa na kitambaa cha akiba kiunoni, na hiyo ilikuwa kwa Mama Pindo inaongezwa. Simu ikalia.

"Mama, nimeshavaa shati, tai na koti. Niko bado nyumbani, chini nina taulo. Wazazi wanaingia ukumbini."

"Nimeshatoka, mwalimu, niko njiani!" alijibu, akiwa bado anapiga pasi.

Akamwita wifi apande nyuma aishike suruali isikunjamane. Wifi akaacha kitana, akapanda, akainyoosha suruali mikononi kama anabeba kitoto kichanga. Wakaondoka. Wakapita posta, wakapita kituo cha mafuta, na kwenye kilima cha shule ya ufundi pikipiki ikakohoa.

"Usinifanyie hivyo leo," Mama Pindo aliibembeleza. "Leo tu."

Ikazimika.

Akapiga kiki, kimya. Wifi akashuka, suruali ikipepea begani.

"Petroli ipo?"

"Nimejaza asubuhi."

"Nitaamini nikiiona." Wifi akavuta zipu, akashika mfuniko wa tangi, akauzungusha. Tangi likatoa sauti ndefu: *fyuuuuu!* Wifi akaruka nyuma. "Mama yangu! Kuna mtu humu ndani!"

"Funga, twende, acha mchezo."

Wifi akafunga. Mama Pindo akapiga kiki moja tu, na injini ikanguruma. Wakatazamana, wakapanda haraka kabla haijabadili nia. Wakashuka kilima, wakakata kona mbili, na kwenye karakana ya useremala ikakohoa tena, ikazimika.

Safari hii Mama Pindo hakupiga kiki. Alishuka, akafungua zipu mwenyewe, akaufungua mfuniko huku ametega sikio. *Fyuuuu.* Kama mtu aliyezibwa mdomo kisha akaachiwa. Akaugeuza mfuniko mkononi. Pembeni yake palikuwa na tundu dogo, la kupitisha sindano ya kushonea. Akaligusa kwa ukucha. Kisha akabonyeza sponji aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe, iliyofunikwa kwa ngozi ya plastiki isiyopitisha hewa; zipu ikifungwa, inakaa sawasawa juu ya tundu lile.

"Wifi," alisema taratibu. "Petroli ikitoka chini, hewa lazima iingie juu. Nami nimeiziba pua."

"Na fundi?"

"Fundi akiijaribu, vazi liko kitini."

Walicheka hadi wifi akaiegemea pikipiki. Fundi seremala akatoka na randa mkononi kuuliza kulikoni, wala hakuna aliyeweza kumjibu. Simu ndiyo iliyowazindua.

"Mama, naambiwa wameshaanza kuimba wimbo wa shule!"

Wakaondoka na zipu ikiwa wazi, na pikipiki haikukohoa hata kidogo. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma ya geti la nyumba yake, koti juu, taulo chini, anachungulia. Aliinyakua suruali, akaingia ndani, akatoka akiwa mtu mzima kamili, kiuno kimekaa, pindo limenyooka.

"Gari la shule limeshaondoka," alisema, akiitazama pikipiki.

Wifi alielewa kabla hajaombwa. Alishuka huku akiguna, akavua helmeti yake ya waridi iliyobandikwa shanga zinazong'aa, akamvisha mwalimu mkuu kichwani na kuifunga kamba chini ya kidevu.

"Shika hapa, mwalimu, usinishike mimi," alisema Mama Pindo.

Ikazimika mara moja kwenye makutano ya barabara, na mwalimu akalia, "Yallah!"

"Hiyo ni mimi, si yeye," alimjibu kwa furaha. "Nimeachia klachi vibaya." Akarudisha gia sifuri, akawasha, akaondoka polepole, nyuma yake lori likipiga honi. Hakujali. Kuijua sababu ya kuzimika kulimfurahisha kama vile haikuzimika kabisa.

Mlangoni mwa ukumbi mwalimu mkuu aliruka chini, akasema asante mara tatu akikimbia, akapotelea ndani. Mama Pindo akabaki anapunga mkono kwa nguvu.

"Mwalimu! Helmeti, mwalimu!"

Hakusikia. Ukumbini vicheko vikalipuka, wazazi wakapiga makofi, na sauti ya mwalimu mkuu ikasikika kwenye kipaza sauti, ya taratibu na ya heshima, ikiwaomba wote wakae.