Ndengu za Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja kwangu Isiolo mjini kutoka Biliqo, kijiji cha wafugaji, baada ya daktari kumkataza nyama. Mimi nimelelewa Meru kwa maharagwe, basi nikampikia githeri ya mahindi na maharagwe kila siku, nikifurahi kuona sahani imekwisha. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba amejikunja, ameshika tumbo.

“Mama, mbona hukuniambia?”

“Maharagwe yako inapiga ngoma kwa tumbo, binti yangu. Lakini mgeni atakataa aje chakula?”

Jioni hiyo niliroweka ndengu. Asubuhi nilimwaga yale maji, nikazichemsha hadi zikapondeka kwa mwiko. Zikiwa laini hivyo, tumbo huzipokea bila ugomvi. Alipoomba aongezwe, nilimpakulia bila kumtazama usoni, nikikumbuka sahani zote tupu nilizojivunia.