Nilimlisha mke wangu asali ili mtoto tumboni apumue

Wakuu, heshima zenu. Atakayesema hii ni chai, kwamba nimetunga, aseme tu, hata mimi natamani ingekuwa chai.

Mimi ni mfuga nyuki, Kang'ata, Handeni. Kwetu asali ni dawa ya kila kitu.

Mimba ya waifu ilipofika miezi nane akakutwa na kisukari cha mimba. Tukaenda ultrasound Korogwe. Alikuwa hajala tangu jana yake kwa sababu ya kipimo cha sukari.

Daktari akaangalia weee, kifua cha mtoto kimetulia. Akasema nendeni mle, mrudi.

Mke wangu akapiga chapati na maharage. Tuliporudi nikaoneshwa kwenye skrini: kifua kinapanda, kinashuka. Daktari akasema mtoto anafanya mazoezi ya kupumua, na sukari ya mama ikipanda baada ya kula, huwa anazidisha.

Jamani, nilitoa machozi pale pale.

Akaongeza kwamba sukari ya mke wangu iko juu mno, aache vitamu, na mtoto akipunguza kucheza tuwahi hospitali. Haya niliyasikia nusu nusu.

Nyumbani sukari tukaacha kweli. Ila nikajiambia asali siyo sukari. Ujuaji huo, Mungu anisamehe.

Mtoto akitulia, kijiko cha asali. Mke wangu anasema "kaamka", mimi najiona daktari.

Asubuhi moja akaniambia, "Mume wangu, leo simsikii. Twende hospitali."

Nikampa vijiko viwili. Mchana akarudia yale yale. Nikamwambia, "Subiri asali ifanye kazi." Na pikipiki ninayo, iko nje, ina mafuta!

Tulifika Korogwe kesho yake. Kifua hakipandi. Safari hii hakuna aliyetuambia twende kula.

Alikuwa wa kike. Nimemzika kwa mikono yangu.

Daktari alinieleza taratibu: mtoto kupumua zaidi mama akila siyo uthibitisho kwamba yuko salama, na sukari kuwa juu kila siku ni hatari kwake. Asali ikiingia mwilini ni sukari tu.

Mke wangu hajanilaumu hata siku moja. Ananipikia, ananipa pole. Bora angenitukana.

Wakuu, mama akisema mtoto katulia, usimpe soda, usimpe asali ukae kusubiri. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Matusi yenu nitayasoma yote, nimeyastahili. Ila wewe mwenye mke mjamzito, kabla hujaandika komenti, muulize kwanza kama mtoto amecheza leo.