Ng'ombe Aliyewekwa Ndani ya Ungo

Harufu ya udongo mweupe uliolowekwa na majivu ndiyo inayonirudisha Njombe ya enzi za Mwingereza, kwenye ukungu mzito mpaka kuku walikuwa wanapotea kati ya banda na mlango. Kwetu nyumba ikitegemea wageni inasilibwa upya, kuta zote zinapakwa udongo huo, na safari hiyo wageni walikuwa wazito: watu wa Makambako walikuwa wanakuja kumposa dada yangu Eliza, na Eliza alikuwa ameshamkubali kijana wao moyoni, bado wazee tu. Mama akanipa mimi, mtoto wa miaka minane, ukuta wa mbele nichore ng'ombe, maana mkono wangu ulikuwa unasifiwa kijiji kizima, na huenda mpaka Ulaya.

Nikaanzia mlangoni, na kichwa. Pembe zikaninogea, nikazirefusha mpaka chini ya paa. Shingo ikafuata pembe, tumbo likafuata shingo, kufika mapajani ukuta umekwisha. Shule sikukanyaga, lakini kazi siachi katikati: nikapinda kona, mkia na makalio nikayaweka ukuta wa pembeni, ule unaotazama barabara. Eliza akaja na ndoo, akatazama, akakaa chini.

"Mama, njoo uone. Wakwe zangu wanapokelewa na makalio."

"Si anaingia ndani," nikajitetea.

"Basi mfuate, ukae huko huko mpaka waondoke," mama akasema.

Lakini wageni walikuwa wameshaonekana kilimani, kwa hiyo hata kunichapa hakukuwa na nafasi. Mama akachukua ungo, akaubandika juu ya kichwa cha yule ng'ombe, akauzungushia mkaa, akauondoa, likabaki duara. Kisha tukapaka udongo kila kilichobaki nje ya duara, mimi kwa mikono miwili, Eliza analia huku anapaka. Kikabaki kichwa peke yake, kimetulia, na ukuta mzima ukawa kama umenyamaza.

Mjomba wa kijana alisimama mbele ya kichwa kile kabla hata hajakaribishwa. Eliza akakumbatia kibuyu cha togwa ya kuwanywesha wageni.

"Na mwili wake uko wapi?" mzee akauliza.

"Umo ndani, baba. Karibu," mama akajibu.

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Akaingia, na hakutoka mpaka posa imekubaliwa.

Siku hizi nyumba ni za saruji, hakuna anayesiliba. Ila wajukuu wa Eliza wananionyesha simu zao, kila mtu picha yake ni kichwa ndani ya kiduara, na wanadhani wamevumbua wao. Eliza naye yumo, ametulia kama yule ng'ombe. Wakiniuliza kwa utani sehemu iliyobaki ya bibi yao iko wapi, nawaambia imo ndani, Makambako, nyumbani kwake.