Video ya Figo Niliyosema Nimeielewa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni sisimizi.

Walipenya kwenye ufa wa mlango wa choo chetu, mstari mmoja mwembamba kama uzi, wakaenda moja kwa moja pale mama alipotoka kukojoa. Nikawamwagia majivu. Kesho yake wakarudi na ukoo mzima.

Nikamwambia mama. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, utamu wa ujana haujaniisha. Marehemu baba yako alikuwa halibishi hilo, na sasa hata sisimizi wameshuhudia."

Nami nikacheka. Tuliishi wawili tu, na mama alikuwa na mdomo wa aina hiyo.

Lakini alikuwa anakonda.

Gauni lililombana mwaka juzi sasa alilikaza kwa mkanda. Alimaliza jagi zima la maji kabla jua halijakolea. Nikimwambia twende zahanati, anasema zahanati ni ya wagonjwa, yeye ana kiu tu.

Mimi nafanya usafi kwenye maabara ya baiolojia ya chuo kimoja. Shule niliishia darasa la tano. Napiga deki, naosha vyombo vya kioo, naondoka. Siongei sana. Mtu akinisalimia ghafla, jibu hunichelewa.

Pale maabara kulikuwa na mwalimu, mama wa makamo, aliyewafundisha wanafunzi kuielezea baiolojia kwa watu wa kawaida. Waliandika blogu, walirekodi video fupi za dakika moja na nusu. Alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: video haipandi mtandaoni wala haipati alama mpaka mtu asiyesoma aitazame na aseme ameelewa.

Mtu asiyesoma nilikuwa mimi.

Wanafunzi wakanibatiza jina, Mizani. Utasikia, Mizani yuko wapi, tuna mzigo wa kupima. Nafuta mikono kwenye aproni, napokea simu, natazama. Kisha naletewa karatasi yenye viboksi viwili, ameelewa na hajaelewa. Naweka alama ya vema kwenye kimoja.

Mwanzoni nilikuwa mkweli. Kundi moja lilileta video ya mizizi, nikasema sijaelewa. Ikabidi wairekodi upya yote. Nikiwa nasuuza ndoo nje ya mlango, nikamsikia mmoja wao anasema yule hata ukimtafunia, kumeza atashindwa. Wenzake wakacheka.

Sikulia. Nilimaliza kusuuza ndoo.

Tangu siku ile, kila video niliielewa.

Ndipo likaja kundi la watatu. Msemaji wao tulimwita Mtangazaji, kwa ile sauti yake ya redio. Video yao ilihusu figo. Kulikuwa na mchoro unaozunguka, na maneno kama glukosi, uchujaji, ufyonzwaji. Yalinipita juu kwa juu. Akili yangu ilikuwa nyumbani. Asubuhi ile mama alishindwa kuliona tundu la sindano.

"Dada Mizani, umeelewa?"

Walikuwa wameinama wote watatu, wananitazama mdomo.

"Nimeelewa."

Mwalimu, bila kuinua kichwa kwenye daftari zake, akauliza nimeelewa nini. Nikasema figo zinasafisha damu. Ndiyo sentensi pekee niliyoidaka, ilikuwa ya kwanza kabisa. Akatikisa kichwa kukubali.

Walipata alama za juu. Mtangazaji akaniletea soda ya shukrani. Sikuinywa, niliipeleka nyumbani. Mama aliimaliza kwa mkupuo mmoja.

Wiki sita baadaye nilitoka kazini nikamkuta yuko sakafuni. Pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitali daktari akasema sukari imepanda sana, na tumechelewa.

Siku ya pili mama akafariki.

Daktari nilimsikia. Ila nilidhani anasema sukari ya kwenye kopo. Nikawa najiuliza mama ameila saa ngapi.

Tukazika. Watu wakaniambia lia, utapata nafuu. Chozi halikuja. Nilizifua nguo zake, nikazianika, nikazikunja, nikarudi kazini.

Mwezi uliofuata, binti mmoja wa lile kundi la watatu, yule aliyekuwa mwandishi wao wa blogu, alinikuta napanga viti. Akasema ana andiko jipya, anaomba nimsikilize kabla hajalipandisha. Akasoma taratibu.

"Mtu akinywa maji na kiu haikatiki, akikonda na huku anakula, na sisimizi wakiufuata mkojo wake, usicheke. Sukari imezidi kwenye damu mpaka figo zimeshindwa kuizuia, inatoka na mkojo. Mpeleke akapimwe leo. Dawa zipo, na wengi huishi nazo miaka."

Nikakikalia kiti nilichokuwa nimekishika.

Nikamuuliza ameliandika lini.

"Jana. Lakini si mambo mapya, dada. Ni ileile video yetu ya figo uliyotupitishia. Nimetoa tu maneno magumu."

"Hata sisimizi walikuwemo?"

"Walikuwemo. Ila tulisema wadudu huvutwa na glukosi." Akanitazama. "Si ulisema umeelewa?"

Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa.

Nikamwambia andiko ni zuri. Nikaweka vema kwenye karatasi yake. Zilikuwa zimebaki safu tatu za viti, nikazipanga.

Wewe unayesoma hapa, ukiulizwa kama umeelewa na hujaelewa, sema. Kicheko cha watu huisha jioni ileile. Na wewe unayefundisha, usiridhike na ndiyo ya mtu anayekuonea haya. Mpe nafasi akuulize hata lile analoliona la kijinga.

Mwalimu hajui habari hizi. Binti hajui. Mtangazaji bado ananiletea soda, napokea, nasema asante.

Neno lenyewe lilikuwa fupi, na siku ile lilifika mpaka kwenye ulimi, wote watatu wakiwa wananitazama.

Sijaelewa. Naomba mrudie.